Muswada Usio na Chumba cha Pili: Siku Moja Katika Jukwaa la Wageni, Dodoma

Tanzania haina Seneti. Muswada ukishasomwa mara ya tatu na kupitishwa katika ukumbi wa Dodoma, hakuna baraza jingine linaloungoja ili kuupekua upya. Hatua inayofuata ni meza ya Rais, kwa kuwa Ibara ya 62 ya Katiba ya mwaka 1977 inalitaja Bunge kuwa na sehemu mbili tu, yaani Rais na Wabunge. Jambo hili nililijua tangu shuleni, kama anavyolijua kila aliyepitia somo la uraia, lakini uzito wake niliuona nilipoajiriwa na chama cha wakulima wadogo wa kanda ya kati kufuatilia miswada inayogusa mazao yao, nikawa mtu wa kukaa jukwaa la wageni kuanzia dua ya asubuhi hadi Bunge linapoahirishwa usiku. Nasimulia siku moja kati ya hizo, siku ya muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali, kwa sababu ndiyo iliyonionyesha ni wapi hasa sheria zetu hupata, au hukosa, jicho la pili.

Muswada wa namna hiyo hauna mvuto. Hauna jina ambalo gazeti litaliweka ukurasa wa mbele, na kwa kawaida mtoa hoja wake si waziri wa sekta fulani bali Mwanasheria Mkuu wa Serikali, maana ndani yake huguswa sheria nyingi zisizohusiana: sehemu moja inaweza kuwa ya ardhi, inayofuata ya mahakama, nyingine ya usafirishaji, na nyingine ya mazao. Ni kapu la sokoni ambalo anayetafuta chumvi hana budi kulipekua hadi chini. Kila mdau hutazama kilicho chake, na hivyo ni rahisi ibara nzito kupita kimyakimya wakati watu wanabishana juu ya ibara nyingine. Iliyotunyima usingizi sisi ilikuwa ibara fupi ya mistari michache, iliyohusu wanunuzi wa mazao waliositishiwa leseni. Ilisema kwamba mnunuzi wa aina hiyo angekuwa na siku 7, kuanzia tarehe ya barua ya kusitishwa, kuwasilisha malalamiko yake, na kwamba siku hizo zikipita leseni yake ingehesabika kuwa imefutwa.

Mtu wa mjini anaweza kuuliza mkulima anaingiaje katika ugomvi wa leseni ya mnunuzi. Jibu lake liko vijijini, Chemba, Kondoa na Mpwapwa, wakati wa mavuno ya alizeti. Mkulima mwenye magunia machache hauzi kiwandani. Humuuzia mnunuzi mdogo anayekuja na mizani yake na gari la kukodi, mtu anayejulikana kijijini hapo kwa jina la baba yake. Wanunuzi wa aina hiyo wakiwa wanne, mkulima ana mahali pa kukimbilia anapopewa bei ya dharau. Wakiondolewa watatu katikati ya msimu kwa sababu hawakujibu barua kwa wakati, yule mmoja aliyebaki ndiye anayepanga bei, na hakuna mkutano wa kijiji utakaoibadilisha.

Nayo barua ina safari yake. Huandikwa mjini, hupelekwa halmashauri, hupigwa muhuri, hushuka ofisi ya kata, halafu humngoja mtendaji wa kijiji, ambaye mara nyingi humkabidhi mhusika siku ya mnada kwa kuwa ndiyo siku ya hakika ya kumwona. Mfanyabiashara mmoja alinionyesha barua ya zamani aliyoitunza ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na stakabadhi za ushuru. Juu yake, kulia, palikuwa na tarehe ya kuandikwa. Chini, kwa kalamu ya wino wa bluu na mwandiko wa haraka, mtendaji alikuwa ameandika tarehe ya kuikabidhi. Kati ya tarehe hizo mbili zilikuwa zimepita siku 11. Kwa ibara ile mpya, barua ingemfikia mtu huyu leseni yake ikiwa tayari imekufa. Nilitoa nakala ya barua hiyo, nikaficha jina, na karatasi hiyo moja ilifanya kazi kuliko kurasa zote nilizokuwa nimeandika.

Muswada wa Serikali hutangazwa kwanza katika Gazeti la Serikali, isipokuwa unapoletwa kwa hati ya dharura, kisha husomwa mara ya kwanza bungeni. Kusomwa huko hakuna mjadala: Katibu hutaja jina la muswada, na Spika huupeleka kwenye kamati ya kudumu inayohusika. Wananchi wengi husubiri kusikia muswada ukijadiliwa katika ukumbi mkubwa ndipo washtuke, wakati ambapo mlango uliokuwa wazi kwao ulikuwa kwenye kamati, siku au wiki kadhaa kabla. Wadau huitwa kwa tangazo, na muda wa kujiandaa huwa mfupi, kiasi kwamba anayeanza kuusoma muswada siku ya tangazo amekwishachelewa. Siku hizi angalau lugha si kizuizi kama zamani, kwani marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na mkulima anaweza kuisoma ibara yenyewe badala ya kusimuliwa na mtu wa ofisini kama mimi.

Sisi tulisikilizwa katika Ukumbi wa Pius Msekwa, ule uliotumika kwa vikao vya Bunge baada ya kuhamia Dodoma mwaka 1996 kutoka Ukumbi wa Karimjee wa Dar es Salaam, kabla ya ukumbi wa sasa kufunguliwa mwaka 2006. Waliotutangulia walisoma taarifa ndefu zenye utangulizi, usuli, malengo ya taasisi yao na shukrani, na wengi walikatishwa kabla ya kufika kwenye mapendekezo. Zamu yetu ilipofika nilianza na ile barua. Mjumbe mmoja wa kamati, mama mtu mzima wa viti maalumu ambaye alikuwa kimya tangu asubuhi, aliomba aione kwa mkono wake. Aliigeuza, akatazama muhuri, akaniuliza mtendaji aliyeikabidhi yuko wilaya gani. Baada ya kikao nilimfuata mlangoni nikamwamkia, akaniitikia na kuniambia, "Mwanangu, malalamiko tunayo mengi. Kesho kutwa niletee maneno yenyewe unayotaka yaandikwe, na yasizidi nusu ukurasa."

Katika maneno yake ndimo ilimo kazi yote ya kufuatilia miswada. Mbunge hawezi kusimama na kusema ibara ni mbaya, akakaa. Anayetaka kurekebisha ibara anapaswa kuwasilisha jedwali la marekebisho kwa maandishi, linaloonyesha ni maneno gani yafutwe na ni yapi yawekwe badala yake, na mahali gani hasa. Asiyeleta maneno hayo ameleta hisia tu, na hisia hazichapwi ndani ya sheria. Nilikaa na mwanasheria wa kujitolea wa chama chetu, tukaandika kwamba maneno "siku saba kuanzia tarehe ya barua" yafutwe, na badala yake yawekwe maneno "siku thelathini kuanzia tarehe ya kupokea barua". Tukaongeza ombi la pili, kwamba nakala ya barua ya kusitishwa ipelekwe pia kwa chama cha ushirika cha msingi, AMCOS, cha eneo husika, ili wakulima wajue mapema kwamba mnunuzi wao ana matatizo.

Siku ya kusomwa mara ya pili ilifika katikati ya mkutano, asubuhi yenye upepo wa Dodoma unaokusanya vumbi na kulimwaga machoni mwa abiria wa bodaboda. Wakati wa Bunge mji huu hubadilika: vyumba vya gesti Area C na Area D hupanda bei, mama lishe huongeza sufuria, na vijana wa zabibu husogea karibu na barabara kuu. Getini wageni hukaguliwa, hupewa vitambulisho na kuelekezwa ghorofani. Jukwaa halikujaa, kwa kuwa haikuwa Alhamisi, siku ambayo Waziri Mkuu huulizwa maswali ya papo kwa papo. Saa tatu kamili Mpambe wa Bunge aliingia na Siwa, rungu la mamlaka ya Bunge, begani, Spika nyuma yake, watu wote wakasimama kwa ajili ya dua.

Baada ya hati kuwasilishwa mezani kilifuata kipindi cha maswali, ambacho ndicho wananchi wengi hukijua. Mbunge huuliza ni lini Serikali itajenga kituo cha afya au barabara ya kata fulani. Naibu Waziri husimama kwa niaba ya Waziri wake na kujibu "kama ifuatavyo". Kisha mwuliza swali hupata maswali mawili ya nyongeza. Zamani nilikuwa nakitumia kipindi hicho kupanga karatasi zangu, lakini nimekwisha kuzinduka. Jibu la msingi limeandaliwa na wataalamu na limepitiwa na wakubwa; majibu ya maswali ya nyongeza hutoka kichwani mwa Naibu Waziri papo hapo, na hapo ndipo unapoona Serikali imesimama wapi kwa kweli. Akisema mradi "umetengewa fedha katika mwaka huu wa fedha," andika. Akisema utatekelezwa "kadiri fedha zitakavyopatikana," weka kalamu chini.

Kisha Katibu alitaja muswada wetu, Mwanasheria Mkuu akapanda kwenye mimbari kuutolea maelezo, akafuatiwa na maoni ya kamati. Taarifa ya kamati ndiyo niliyoingoja kwa moyo wa kudunda, na nilipoisikia sauti ya mwenyekiti ikitaja ibara yetu kwa namba, nikajua kwamba ile barua ya mfuko wa nailoni ilikuwa imeingia katika kumbukumbu za Bunge, japo bila jina. Kamati ilishauri muda uongezwe. Haikusema uongezwe kwa kiasi gani. Pengo hilo dogo ndilo lililotuweka kwenye jua mchana kutwa.

Michango ya wabunge ilichukua sehemu iliyobaki ya asubuhi. Anayeisikia kwa mara ya kwanza hudhani anasikiliza utungaji wa sheria. Mimi nimejifunza kuichukulia kama mazungumzo ya mbunge na watu wake waliomchagua, jambo ambalo ni halali na lina faida zake. Mchangiaji humshukuru Mwenyezi Mungu, humpongeza Rais, huwashukuru wapiga kura wake, na kengele ya kwanza humkuta akiwa ndiyo kwanza anaingia kwenye hoja. Mmoja alipokuwa amekolea mwenzake alisimama akiita "Taarifa!", mwingine akaomba mwongozo wa Spika, dakika zikayeyuka. Karibu kila aliyesema, hata yule aliyeichambua ibara kwa ukali, alimaliza kwa kuunga mkono hoja. Wageni waliokaa karibu nami walicheka wakasema wabunge ni ndumilakuwili. Mimi naona wanawaonea. Kuunga mkono hoja katika hatua ile ni kukubali kwamba muswada uendelee hadi hatua ya kuchambua ibara moja moja, na mbunge mwenye marekebisho mfukoni anauhitaji ufike huko kuliko mtu yeyote.

Saa saba mchana Bunge lilisitishwa hadi saa kumi na moja jioni. Saa hizo nne hazimo katika Orodha ya Shughuli, na hazisikiki redioni, lakini kama ningeambiwa nichague sehemu moja tu ya siku ya kuhudhuria, ningechagua hiyo. Nilimkuta yule mama mbunge nje, kivulini, akiwa na jedwali letu mkononi. Aliniambia kwamba waandishi wa sheria wa Serikali walikuwa wamelisoma na hawakulipinga moja kwa moja, ila walikuwa na swali, na kwamba ni mimi niliyetakiwa kulijibu kwa sababu yeye alikuwa na kikao kingine. Nilitafutwa na kijana mmoja mwenye miwani, aliyebeba sheria mama yenyewe, ile ambayo ibara yetu ilikuwa inairekebisha, ikiwa imechakaa kwa kufunguliwa, na kando ya kurasa zake ikiwa na maandishi ya penseli.

"Kaka, siku thelathini mnazitoa wapi?" aliniuliza bila kunizungusha. Nilimweleza safari ya barua, mnada, mtendaji na muhuri. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akafungua ukurasa na kunionyesha kwamba ndani ya sheria hiyohiyo wenye maghala waliochukuliwa hatua kama ile walipewa siku 14 za kulalamika. Alisema kumpa mnunuzi siku 30 na mwenye ghala siku 14 kungezua kesi siku ya kwanza tu, kwa kuwa hakuna sababu ya kisheria ya kuwatofautisha. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mbunge aliyeuliza ukumbini: kati ya wingi wa siku na mwanzo wa kuzihesabu, kipi kinamuua mfanyabiashara wenu?

Nilipofikiri niliona kwamba alikuwa amegusa penyewe. Hata siku 30 zingeweza kuliwa zote njiani iwapo zingehesabiwa kuanzia tarehe ya barua, lakini siku 14 zilizohesabiwa kuanzia siku ya kuipokea, kwa saini ya mpokeaji, zilikuwa zinatosha kabisa kwa mtu mwenye stakabadhi zake mkononi. Nilimpigia simu mwenyekiti wa chama chetu, mzee wa Kibaigwa ambaye huduma ya mtandao humpata akiwa amesimama juu ya kichuguu nyuma ya nyumba yake. Alinisikiliza, akanyamaza kidogo, akasema, "Chukua hizo kumi na nne, mradi wasihesabu siku za barua kutembea." Yule kijana aliandika palepale, juu ya goti, kwa penseli, na akaniambia kwamba Serikali ingeyaingiza maneno hayo katika jedwali lake lenyewe la nyongeza, hivyo mheshimiwa hangehitaji kulitetea la kwake. Kuhusu nakala kwa AMCOS alitikisa kichwa. Hilo, alisema, linaigusa sheria ya ushirika, na sheria hiyo haimo ndani ya muswada huu.

Nilikula ugali wa uwele na mlenda kwa mama lishe nikitafakari ukweli ambao haukunipendeza sana. Tulikuwa tumepata karibu yote tuliyoyataka kwa sababu mtu mmoja makini alijitokeza kuuliza swali sahihi wakati wa chakula cha mchana, na kwa sababu mbunge mmoja alijali. Zingekosekana bahati hizo mbili, ibara ingepita jioni ileile kama ilivyokuja. Niliwahi kuzungumza na mwenzetu wa Kenya anayefanya kazi kama yangu, akanieleza kwamba wao wakishindwa katika Bunge la Taifa kwenye muswada unaohusu kaunti, hukusanya karatasi zao na kwenda kuanza upya Seneti. Kenya iliwahi kuwa na Seneti baada ya uhuru, ikaivunja mwaka 1966 kwa kuiunganisha na Baraza la Wawakilishi, kisha Katiba ya mwaka 2010 ikairudisha, na tangu uchaguzi wa mwaka 2013 ina maseneta 67, wakiwamo 47 waliochaguliwa, mmoja kutoka kila kaunti. Vyumba viwili visipokubaliana, huundwa kamati ya upatanishi. Rwanda na Burundi nazo zina maseneti yao.

Sisemi kwamba namwonea wivu mwenzangu huyo. Mwaka 2019 vyumba vyao viwili vilivutana kwa miezi juu ya mgawanyo wa mapato, na kaunti zikabaki zinasubiri fedha za mishahara na dawa. Wala Bunge la chumba kimoja halikosi breki. Ibara ya 98 ya Katiba yetu inataka theluthi mbili ya wabunge wote ili kubadili Katiba, na kwa baadhi ya mambo ya Muungano inataka theluthi mbili ya wabunge kutoka Tanzania Bara na theluthi mbili ya wale wa Zanzibar, wakihesabiwa mbalimbali, jambo ambalo kwa namna fulani ni vyumba viwili ndani ya ukumbi mmoja. Rais naye anaweza kuurudisha muswada pamoja na sababu zake. Wakati wa bajeti ipo silaha ambayo wapiga kura wanaipenda kuliko zote, ya mbunge kushika shilingi ya mshahara wa waziri mpaka apate maelezo ya kuridhisha. Nimewaona mawaziri ambao asubuhi walijibu kwa mkato wakipata maneno mengi ghafla jioni, shilingi ikiwa imeshikwa. Ila breki hizo zote zimetengenezwa kwa ajili ya mambo makubwa. Ibara ya mistari michache ndani ya muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali haina theluthi mbili, haina shilingi ya kushikwa, na si jambo la kumfanya Rais arudishe muswada mzima. Breki yake ni watu kuisoma mapema.

Saa kumi na moja Bunge lilirudi. Michango michache ilimaliziwa, Mwanasheria Mkuu akajibu hoja, kisha Bunge likakaa kama Kamati ya Bunge Zima. Mgeni asiyejua hutambua mabadiliko hayo kwa kusikia "Mheshimiwa Spika" ikigeuka kuwa "Mheshimiwa Mwenyekiti". Katibu alianza kutaja ibara kwa namba, moja baada ya nyingine, na kila isiyokuwa na mtu wa kusimama ilihojiwa na kupitishwa kabla hujafunua ukurasa. Kasi hiyo huwashangaza wageni, na ilinishangaza nami mwanzoni. Nilikuja kuelewa kwamba ibara inapoitwa kazi yake imekwisha kufanyika mahali pengine, au haitafanyika tena. Asiyekuwa na jedwali lililowasilishwa hana la kusema.

Zilikuwapo ibara mbili zilizosimamisha mwendo, zote za sehemu nyingine. Katika mojawapo mbunge kijana, mwanasheria kwa taaluma, alipinga adhabu iliyopangwa kuwa ni kubwa kuliko kosa, akanukuu sheria nyingine tatu kwa vifungu vyake bila kutazama karatasi. Walibishana kwa hoja, wakaungwa mkono na kupingwa, Mwanasheria Mkuu akasimama mara kadhaa, na mwishowe swali likahojiwa: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo. Waliosema siyo walishinda kwa sauti, marekebisho yake yakaanguka. Hata hivyo, kwa muda wote ule ukumbi ulikuwa unasikiliza kwa makini ambayo asubuhi haikuwapo, na kwa maoni yangu huo ndio ulikuwa mjadala bora wa siku nzima, ingawa kamera za waandishi wa habari zilikuwa zimeondoka zamani.

Ibara yetu ilipoitwa nilikuwa nimeinama, kidole kikiwa juu ya namba yake. Mwanasheria Mkuu alisimama, akasema Serikali ina marekebisho kama yalivyo kwenye jedwali la nyongeza, Mwenyekiti akawahoji wajumbe, ndiyo zikasikika, na Katibu akaita ibara inayofuata. Yule mama aliinua uso kuelekea jukwaani, akarekebisha mtandio wake na kurudi kwenye karatasi zake. Bunge liliporudia, taarifa ikatolewa kwamba Kamati imeupitia muswada ibara kwa ibara na kuukubali pamoja na marekebisho, ukasomwa mara ya tatu, na ikabaki saini ya Rais.

Wiki chache baadaye niliitafuta Taarifa Rasmi, ile tunayoiita Hansard, na hii sasa ni desturi yangu kwa kila muswada. Siisomi kwa ajili ya hotuba. Natafuta maneno ya Serikali wakati wa kujibu hoja, maana humo waziri au Mwanasheria Mkuu hueleza ibara imekusudiwa kufanya nini, na maelezo hayo humsaidia sana anayekwenda kuzungumza na ofisa wa wilaya mwenye tafsiri yake mwenyewe. Kuhusu siku zetu 14, Hansard ilikuwa na sentensi moja tu, kwamba Serikali imezingatia maoni ya kamati na ya wadau. Niliipigia mstari, nikaitoa nakala na kuipeleka Chemba, ambako mfanyabiashara wa ile barua aliipokea, akaisoma mara mbili na kuuliza kama nayo iwekwe kwenye mfuko wa nailoni.

Sheria ilipotangazwa baada ya kusainiwa, tulihakiki ibara hiyo neno kwa neno dhidi ya jedwali, kisha tukachapa ukurasa mmoja wa maelezo kwa ajili ya watendaji wa vijiji tukiwaomba waandike tarehe ya kukabidhi kila barua na wapate saini ya mpokeaji. Wengine wameanza kufanya hivyo. Wengine bado huandika tarehe ya mwanzoni. Ombi la nakala kwa AMCOS tumelirekebisha, sasa linataja kifungu cha sheria ya ushirika linachotaka kukigusa, na tumelipeleka wizarani kabla muswada mwingine wa marekebisho ya sheria mbalimbali haujaandikwa.